Mpaka wa ubongo unachorwa kabla mama hajajua ana mimba: somo la chura wa Afrika kwa familia za Likasi

LIKASI – Siku ya 28 hivi baada ya mimba kushika, mrija mdogo utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unapaswa kuwa umekwisha kufungwa. Siku hiyo mama mwenyewe, awe wa Kikula, wa Panda ao wa Shituru, mara nyingi hajajua kama ana mimba. Siku zake zimechelewa majuma mawili tu, na labda anafikiri ni malaria ao uchovu wa kazi. Kama mrija ule haukufungwa kwa wakati wake, hakuna kidonge kitakachoufunga baadaye.

Miezi inapita, na mtoto anazaliwa akiwa na mfuko ao kidonda mgongoni. Waganga wanaita hali hiyo spina bifida, wengine wanasema mgongo wazi. Mtoto mwingine anazaliwa bila sehemu ya juu ya fuvu na ubongo, na huyo haishi zaidi ya saa ao siku chache. Ndipo maneno yanaanza katika familia: ni ulozi, ni laana ya upande wa mke, ni mama aliyekosa miiko. Mwanamke aliyetoka kuzaa anabeba huzuni ya mtoto, kisha anabebeshwa na lawama.

Sayansi ina jibu lingine, na sehemu kubwa ya jibu hilo haikupatikana kwa kumchunguza binadamu. Ilipatikana kwa chura, tena chura wa Afrika.

Kutoka Cape Town hadi maabara za dunia

Jina lake la kisayansi ni Xenopus laevis. Ni chura wa majini mwenye mwili bapa, hana ulimi, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Kwao ni kusini mwa Afrika, na ndugu zake wa jenasi hiyo hiyo wanaishi pia katika maji ya Katanga.

Katika miaka ya 1930, watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha jambo la ajabu: ukimdunga chura jike mkojo wa mwanamke mwenye mimba, anataga mayai ndani ya siku moja. Hadi miaka ya 1960, maabara nyingi za Ulaya na Marekani zilipima mimba kwa njia hiyo. Vyura walisafirishwa kwa maelfu. Vipimo vya kisasa vilipowaondoa kwenye kazi hiyo, walikuwa wamekwisha kuzoeleka katika vyuo vikuu.

Watafiti wa viinitete walimpenda kwa sababu zinazoeleweka. Jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai, hata zaidi ya elfu. Yai lina zaidi kidogo ya milimita moja, kwa hiyo linaonekana kwa macho, na linakua ndani ya maji, nje ya mwili wa mama. Lililorutubishwa linagawanyika mara ya kwanza baada ya dakika 90 hivi. Kazi ya kufunga mrija wa ubongo, ambayo kwa binadamu inahitaji majuma manne, chura anaimaliza kwa karibu siku moja. Mtafiti anaweza kuitazama tangu mwanzo hadi mwisho akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Nani anaamuru: huku ngozi, huku ubongo?

Kiinitete cha chura cha saa kumi hivi ni mpira wa seli. Tabaka la nje la mpira huo lina kazi mbili mbele yake: sehemu moja itakuwa ngozi, nyingine itakuwa ubongo na uti wa mgongo. Mwanzoni kila seli ya tabaka hilo inaweza kwenda upande wowote. Nani anasema mpaka upite wapi?

Jibu la kwanza lilitoka Ujerumani mwaka 1924. Profesa Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walitumia salamanda, mnyama wa ukoo mmoja na vyura. Walikata kipande kidogo cha kiinitete, pale ambapo seli zinaanza kuingia ndani, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Tumboni pakaota mfumo wa pili wa neva, na karibu pacha mzima aliyeshikamana na wa kwanza. Sehemu kubwa ya mfumo huo mpya haikujengwa na kipande chenyewe. Kiliwageuza majirani zake wajenge. Watafiti wakakiita mratibu. Mangold alikufa mwaka huo huo kwa ajali ya moto nyumbani, akiwa na miaka 25. Spemann alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Kwa karibu miaka 70 baada ya hapo, hakuna aliyejua mratibu anasema nini kwa majirani zake. Ni Xenopus aliyefungua mlango. Mwaka 1992 maabara ya Richard Harland, huko Berkeley, California, ilitambua protini moja inayotoka kwa mratibu, ikaitwa Noggin. Mwaka 1994 maabara ya Eddy De Robertis, huko Los Angeles, ilitambua nyingine, Chordin.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba protini hizo haziambii seli «kuwa ubongo». Kazi yao ni kukamata protini ya tatu, BMP, ambayo ndiyo inaziambia seli «kuwa ngozi».

Fikiria soko lenye kipaza sauti kinachorudia amri moja tu: kuwa ngozi, kuwa ngozi. Upande wa mgongo wa kiinitete, Noggin na Chordin zinaziba kipaza sauti hicho. Seli ambazo hazikusikia amri zinafuata njia yao zenyewe, na njia hiyo ni neva. Watafiti waliipima hoja hii. Walitenganisha seli za tabaka la nje la kiinitete cha chura moja moja kwa saa kadhaa, zisiweze kupeana ishara, nazo zikageuka kuwa za neva. Mwaka 1995 wengine waliziongezea BMP seli za namna hiyo, nazo zikawa ngozi.

Mpakani kuna wakaaji

Kati ya mahali penye kelele nyingi na mahali penye ukimya kuna eneo la katikati. Hapo BMP si nyingi, lakini haikuisha. Ishara nyingine mbili, Wnt na FGF, zinafanya kazi pamoja nayo. Seli za eneo hilo zinawasha jeni zinazoitwa Pax3 na Zic1, na utafiti uliofanywa kwa Xenopus mwaka 2005 ulionyesha kwamba jeni hizo mbili zikifanya kazi pamoja zinazaa seli za mpakani.

Seli hizo si ngozi wala si ubongo. Baadaye zinaondoka mpakani na kusafiri mwilini. Zinajenga mifupa mingi ya uso na taya, zinatoa seli zinazotia ngozi rangi, na zinatengeneza neva za matumbo. Ndiyo sababu kasoro fulani za uso na za matumbo za watoto wachanga zina mizizi katika siku hizi za mwanzo.

Kisha kila upande unalinda eneo lake. Jeni za neva zinazima jeni za ngozi, na jeni za ngozi zinazima jeni za neva. Mpaka ambao mwanzoni ulikuwa kama ukungu unakuwa mstari ulio wazi.

Kuna pia mpaka kati ya mbele na nyuma, yaani kati ya ubongo na uti wa mgongo. Ishara ya Wnt ikiwa na nguvu, seli zinaelekea kuwa uti wa mgongo. Kichwa kinahitaji kukingwa na ishara hiyo. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani walitambua katika Xenopus protini inayoizuia. Viinitete vilivyopewa nyingi viliota vichwa vikubwa kupita kawaida, ndiyo maana wakaiita Dickkopf, neno la Kijerumani lenye maana ya kichwa kinene.

Kukunja, kukutanisha, kufunga

Mpaka ukishachorwa, inabaki kazi ya mikono, kama tunaweza kusema hivyo. Seli za neva zimelala kama ubao mgongoni mwa kiinitete. Kingo mbili za ubao zinanyanyuka, zinakaribiana, zinakutana na kushikana. Ubao unakuwa mrija, na ngozi ya kushoto inaungana na ngozi ya kulia juu yake. Ili kukunjika, seli za ubao zinabana upande wao wa juu, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba.

Kingo zisipokutana, mrija unabaki wazi na ngozi haiwezi kuufunika. Hiyo ndiyo maana ya kidonda kile mgongoni mwa mtoto mchanga. Hakuna mtu aliyekifungua. Ni mahali ambapo hapakufungwa.

Katika hatua hii tunakutana na foleti, vitamini iliyo katika maharagi na mboga za majani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, huko Davis, walipunguza kipokezi cha foleti katika viinitete vya Xenopus. Seli zilishindwa kubana upande wa juu, na mrija haukufungwa sawasawa.

Kwa binadamu, ushahidi ulikuwa umekuja mapema zaidi. Mwaka 1991 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 33 vya nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba ya mtoto mwenye kasoro ya namna hii. Waliokunywa asidi foliki, miligramu 4 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba, hatari yao ilishuka kwa asilimia 72. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kuonekana.

Foleti haielezi kila kitu. Urithi wa familia, ugonjwa wa sukari usiotunzwa na dawa fulani, kama ile ya kifafa inayoitwa valproate, vinaweza pia kuchangia.

Na madini je?

Katika mji uliokua kwa shaba na kobalti, swali hili halikwepeki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza na Benoit Nemery, walichapisha vipimo vya mkojo vya wakaaji wa kusini mwa Katanga. Kiasi cha kobalti walichokipata kwa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda kilikuwa cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimeripotiwa kwa raia wa kawaida duniani.

Mwaka 2020 timu ya vyuo hivyo ilichapisha utafiti mwingine, huu wa watoto wachanga wa Lubumbashi, katika jarida The Lancet Planetary Health. Kati ya Februari 2013 na Februari 2015, walichukua watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana za namna mbalimbali, wakawalinganisha na watoto 108 wasio na kasoro. Baba kufanya kazi ya madini ndilo jambo lililohusiana na kasoro kwa nguvu zaidi: uwezekano ulikuwa mara 5.5. Kwa akina mama waliotumia vitamini wakati wa mimba, uwezekano ulikuwa chini sana.

Matokeo haya yanahitaji kusomwa polepole. Kobalti iliyopimwa katika damu na mkojo wa akina mama haikuonyesha uhusiano na kasoro. Manganizi na zinki katika damu ya kitovu ndizo zilizojitokeza, na hizo hazichimbwi Lubumbashi. Kwa hiyo utafiti haukutia hatiani madini moja. Unaonyesha kwamba kazi ya baba inahusika, na kwamba kumtazama mama peke yake ni kukosea.

Chura ameingia hata katika swali hili. Tangu miaka ya 1980 kuna kipimo cha kimataifa kinachoitwa FETAX: viinitete vya Xenopus vinawekwa kwa siku nne katika maji yenye kitu kinachoshukiwa, kisha viluwiluwi vinachunguzwa. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walipima hivyo chumvi ya kobalti, na viluwiluwi vilitoka na kasoro. Kiluwiluwi ndani ya bakuli si mtoto ndani ya tumbo, lakini ni onyo la kutosha kwa mtu kutorudi nyumbani na vumbi la mgodi kwenye nguo. Kwa creuseurs na kwa wafanyakazi wa viwanda, kuoga na kubadili nguo kabla ya kumkaribia mke na watoto ni jambo linalowezekana leo hii.

Bukari, sombe na kidonge kidogo

Jikoni nako kuna neno la kusema. Maharagi, karanga, lengalenga, sombe, avoka na maini vina foleti. Tatizo ni kwamba foleti inaharibika kwa moto wa muda mrefu na inatoka pamoja na maji yanayomwagwa. Sombe inayochemka kwa saa nyingi inabaki chakula kizuri, ila foleti yake imepungua. Bukari ya unga mweupe ina foleti kidogo sana.

Mahindi yana hatari nyingine. Yakihifadhiwa na unyevu, yanaota ukungu, na aina moja ya ukungu inatoa sumu inayoitwa fumonisini, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Katika panya, sumu hiyo inazuia foleti kuingia katika seli na inasababisha mrija kubaki wazi. Huko Texas, kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, ambako watu wanakula sana mikate ya mahindi, watoto wengi walizaliwa na kasoro hizo karibu na mwaka 1990, na sumu hii ni mojawapo ya sababu zilizochunguzwa. Kwa familia inayokula bukari mara mbili kwa siku, kukausha mahindi vizuri na kutupa punje zilizooza kabla ya kupeleka kwenye mashini ni kinga isiyo na gharama kubwa.

Nchi za Tanzania, Uganda na Kenya zilipitisha mwaka 2011 na 2012 sheria za kuongeza asidi foliki na virutubishi vingine katika unga wa viwandani. Mwaka 2023, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziharakishe kazi hiyo, na ukataja spina bifida kwa jina. Kwa mji kama Likasi, unga wa viwandani hautoshi, kwa sababu mahindi mengi yanasagwa mtaani, kwenye mashini ndogo ambazo haziongezi kitu.

Inabaki kidonge. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke anayetaka kupata mimba anywe mikrogramu 400 za asidi foliki, yaani miligramu 0.4, kila siku, kuanzia anapotafuta mimba hadi juma la 12. Katika farmasi zetu kinaitwa acide folique. Lakini mahali ambapo akina mama wengi wanakipata kwa mara ya kwanza ni CPN, na kwa kawaida mama anakwenda CPN mimba ikishaonekana. Hata yule mwenye bidii, anayefika katika mwezi wa tatu, anafika wakati mrija umekwisha kufungwa ao umekwisha kukosa kufungwa. Kidonge cha CPN bado kina kazi, kinamlinda mama na upungufu wa damu, ila kwa mgongo wa mtoto kimechelewa.

Kwa hiyo mazungumzo haya yanapaswa kuhama. Mahali pake ni kwenye maandalizi ya ndoa, katika vikundi vya akina mama, kwa muuguzi anayemwona mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja anayefikiri kuzaa tena, na kwa baba anayetoka mgodini.

Mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, na ni daktari anayepaswa kuipanga. Vidonge vya miligramu 5 visinywewe ovyo, kwa kuwa dozi hiyo inapunguza nguvu ya dawa ya SP wanayopewa wajawazito kwa ajili ya malaria. Mwanamke anayetumia dawa ya kifafa amwone daktari kabla ya kutafuta mimba, asiiache mwenyewe.

Na mtoto akizaliwa na mfuko ao kidonda mgongoni, asilazwe chali. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisipakwe dawa ya kienyeji, na mtoto apelekwe siku hiyo hiyo kwa waganga wa upasuaji. Wengi wao wakipasuliwa mapema wanaishi, wanasoma na wanakua. Mama yake naye aambiwe wazi, mbele ya wakwe, kwamba kasoro hii ilianza katika juma la nne, wakati hakuna mtu yeyote nyumbani aliyejua kama kuna mimba.